Likizo ndefu, kocha, kundi la wakuu wenzako au kupanga upya kazi: kipi kinamfaa bosi anayeelekea kuishiwa nguvu?

Mkurugenzi akianza kukonda na kukosa usingizi, ushauri humjia kutoka kila upande. Mkewe atamwambia achukue likizo. Mwenyekiti wa bodi atasema kampuni iko tayari kumlipia kocha. Rafiki yake wa tangu chuo, ambaye naye ni mkuu wa taasisi, atamwalika kwenye kikao chao cha kila mwezi. Na katibu muhtasi wake, ambaye ndiye anayeiona kalenda yote, atamuuliza kwa adabu, "Bosi, hivi vikao vyote ni lazima uwepo wewe?" Wote wanne wana hoja. Tatizo ni kwamba mtu aliyechoka hana nguvu ya kujaribu yote manne kwa pamoja, na akianza na lisilomfaa atapoteza nusu mwaka, kisha aamini kwamba hakuna kinachosaidia.

Nimefanya kazi ya rasilimali watu Dar es Salaam kwa miaka mingi, na fomu nyingi za likizo za wakubwa zimepita mikononi mwangu. Nimeona waliopona mapema na nimeona walioondoka kazini wakiwa hawataki hata kupita mtaa ilipo ofisi. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu aliyesimama njia panda kabla hali haijawa mbaya: mkurugenzi mtendaji, meneja mkuu, mkuu wa fedha, au mwenye kampuni yake mwenyewe.

Tunazuia nini hasa

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza uchovu sugu wa kazi katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lakini likaeleza wazi kwamba wenyewe si ugonjwa. Ni hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa vizuri. Shirika lilitaja alama tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu. Ya pili ni kuikinai kazi: moyo unakaa mbali nayo, kila pendekezo linaonekana upuuzi, na wateja na wafanyakazi unawasema vibaya hata usipokusudia. Ya tatu ni kujiona huzalishi tena kama ulivyokuwa. Naomba uzishike alama hizi tatu, kwa sababu kwa maoni yangu ndizo zinazopaswa kuamua uchague nini.

Wakuu wana mazingira yao. Michael Porter na Nitin Nohria wa Harvard walifuatilia ratiba za wakurugenzi watendaji 27, kila mmoja kwa wiki 13, na mwaka 2018 wakachapisha walichokiona. Wakuu hao walifanya kazi wastani wa saa 62.5 kwa wiki, na asilimia 72 ya muda huo ilikwenda kwenye vikao. Walifanya kazi katika asilimia 79 ya siku za mwisho wa juma na asilimia 70 ya siku zao za likizo. Hao ni watu wenye wasaidizi wa kutosha. Huku kwetu, mkurugenzi wa kampuni ya watu sitini mara nyingi ndiye pia anayeidhinisha risiti ya mafuta ya gari. Na saa hizo si jambo dogo kwa mwili: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaendana na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyo juu kwa asilimia 17, ukilinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40.

Kingine kinachonisikitisha ni kwamba mkubwa mara nyingi huachwa nje ya ulinzi uliowekwa kwa wengine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, lakini sehemu hiyo ya saa za kazi haimhusu anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Volkswagen ya Ujerumani ilipoanza mwaka 2011 kuzuia barua pepe kuingia kwenye simu za wafanyakazi nusu saa baada ya zamu, viongozi wa juu hawakuwamo. Kwa hiyo mkubwa asitegemee kwamba utaratibu wa ofisi utamkumbuka. Lazima achague mwenyewe.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa maswali yaleyale. Inagusa alama ipi kati ya zile tatu? Inagharimu nini, kwa fedha na kwa muda? Siri yako inabaki salama kiasi gani, maana miji yetu ni midogo na habari za wakubwa hutembea? Matokeo yake yanadumu? Na unahitaji ridhaa ya nani ili ianze? Sikuweka kigezo cha raha, kwa kuwa njia iliyo chungu mwanzoni wakati mwingine ndiyo inayokaa.

Njia ya kwanza: likizo ndefu isiyokatika

Inagusa kuishiwa nguvu. Usingizi unarudi, shinikizo la damu linatulia, watoto wanakuzoea tena. Kwa kukinai kazi, nguvu yake ni ndogo: mtu aliyekinai anarudi akiwa amenawiri lakini moyo wake bado uko kulekule.

Kuhusu urefu, watafiti wa Uholanzi waliwafuata wafanyakazi 54 waliokuwa na likizo ya wastani wa siku 23. Afya na furaha yao vilipanda haraka, vikafika kileleni kama siku ya nane, na baada ya kurudi kazini vikashuka hadi pale vilipoanzia ndani ya wiki ya kwanza. Hapa naona mambo mawili. Siku nne za Pasaka hazifikishi mtu kileleni. Na hata siku 23 hazimbebi mtu mwaka mzima ikiwa anarudi kwenye kazi ileile, iliyopangwa vilevile.

Sheria iko upande wako zaidi ya unavyodhani. Tanzania inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo kwa mwaka, zikihesabiwa pamoja na sikukuu zinazoangukia humo. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inatoa siku za kazi zisizopungua 21, na likizo ikigawanywa, sehemu moja lazima iwe angalau wiki mbili za kazi zisizokatwa. Wakubwa wengi ninaowajua hawajawahi kuchukua wiki mbili mfululizo tangu wapandishwe cheo.

Gharama ya fedha ni ndogo kwa kuwa mshahara unaendelea. Gharama ya kweli ni makabidhiano. Likizo ya mkurugenzi bila kaimu mwenye mamlaka kamili ni kubadilisha kiti tu, kutoka cha ofisini hadi cha hotelini. Hili nalisema kwa majuto. Mahali fulani nilikofanya kazi, nilipitisha fomu ya likizo ya bosi wangu, na siku ya tatu mimi mwenyewe ndiye niliyempigia: "Samahani mzee, ni sahihi moja tu." Zilifuata nyingine tano. Hatukuwa tumempa kaimu sahihi ya benki, na hakuna aliyelifikiria jambo hilo kabla hajaondoka. Alirudi siku sita kabla ya muda wake, na mimi sikuwa na uso wa kumwambia apumzike.

Daimler, pia ya Ujerumani, ilipata ufumbuzi mzuri mwaka 2014: aliyeko likizo anaweza kuchagua barua pepe zote zinazoingia zifutwe, na aliyeandika anajibiwa papo hapo kwamba ujumbe wake umefutwa na aelekezwe kwa nani. Anayerudi hakuti barua elfu moja zinamsubiri. Bila mtambo huo, katibu muhtasi mwaminifu na kaimu anayeaminika wanaweza kufanya kazi hiyohiyo.

Siri yako iko salama kuliko kwenye njia nyingine zote, kwa sababu likizo haihitaji maelezo. Ridhaa ni ya bodi. Kama bodi inasita, tumia hoja ya udhibiti: wasimamizi wa mabenki, kama FDIC ya Marekani tangu mwaka 1995, wamekuwa wakihimiza watu wenye nyadhifa nyeti wakae nje ya kazi wiki mbili mfululizo, kwa sababu wizi mwingi hugundulika mwenye dawati asipokuwepo. Mkurugenzi wa fedha anayeomba wiki mbili kwa hoja hiyo hahitaji kusema neno "nimechoka."

Neno kuhusu mahali. Ukienda nyumbani Desemba, iwe Moshi, Bukoba au Kakamega, nawe ndiye tegemeo la ukoo, jua kwamba unakwenda kazi nyingine: michango, mashamba yenye ugomvi, mpwa anayetafuta ajira. Ni wajibu, na una baraka zake, lakini usiuandike kwenye hesabu ya kupumzika. Tenga siku nane au kumi kabla ya safari hiyo au baada yake.

Inamfaa ambaye kazi yake bado anaipenda ila mwili umegoma, hasa baada ya msimu mzito wenye mwisho unaojulikana, kama kuunganisha kampuni mbili au ukaguzi mrefu wa kodi.

Njia ya pili: kocha wa viongozi

Kocha hakupi majibu. Anakuuliza mpaka usikie unachojiambia, kisha anakudai hesabu ya ulichoahidi wiki mbili zilizopita. Kuna ushahidi kwamba inasaidia, ingawa umetoka kwa madaktari na si kwa wakurugenzi. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic ya Marekani walichapisha jaribio la madaktari 88. Nusu yao walipata vikao sita vya kocha kwa simu ndani ya miezi mitano, jumla ya saa tatu na nusu tu. Katika kundi hilo, asilimia ya walioishiwa nguvu sana ilishuka kwa 19.5, na katika kundi lililosubiri ikapanda kwa 9.8. Lakini upande wa kuwaona wagonjwa kama vitu, ambayo ndiyo sura ya kukinai kwa daktari, tofauti ya maana haikuonekana. Kwa hiyo nayo inagusa zaidi alama ya kwanza. Niongeze kutokana na niliyoyaona: inagusa pia ya tatu, kwa sababu kocha mzuri humrudishia mtu kipimo sahihi cha kazi yake.

Fedha ndiyo kikwazo. Ankara nyingi nilizowahi kupitisha zilikuwa za dola kwa saa. Muda, kinyume chake, ni mdogo, na vikao vya mtandaoni vinamfaa anayekaa saa mbili kwenye foleni ya Mwenge.

Kwenye siri ndipo watu huumia. Kampuni ikilipa, swali la kwanza ni: kocha anamwandikia nani taarifa, na ya nini? Liulize kabla ya kikao cha kwanza na lijibiwe kwa maandishi. Mapatano yanayokubalika ni kwamba kampuni inajua idadi ya vikao na malengo ya jumla, basi. Kama hupati mapatano hayo, lipa mwenyewe au acha. Angalia pia sifa zake, kwa kuwa yeyote anaweza kujiita kocha. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lipo tangu 1995 na hutoa ithibati za ngazi tofauti, hivyo omba kuona ngazi yake. Na kocha asichanganywe na mwanasaikolojia. Anayelia bila sababu, anayekunywa ili alale, au anayewaza kwamba afadhali asingekuwepo, huyo anahitaji tabibu.

Kudumu kwake kunategemea tabia ulizojenga. Mtu aliyejifunza kusema "nitakujibu kesho" hasahau upesi. Lakini kama kazi yenyewe ni ya watu watatu, kocha atakufundisha kuibeba kwa ustadi zaidi, nayo itaendelea kuwa ya watu watatu. Hapo ndipo sina raha na bodi zinazokimbilia kumlipia mtu kocha: ni rahisi kumrekebisha mtu kuliko kurekebisha muundo.

Inamfaa aliyepanda cheo karibuni, asiyejua kukataa, au anayejibeza ingawa matokeo yake ni mazuri.

Njia ya tatu: kundi la wakuu wenzako

Watu wa pwani walikuwa na baraza: wazee wa rika moja, mahali palepale, baada ya Alasiri, na mambo mazito yakizungumzwa katikati ya mambo mepesi. Mkurugenzi wa leo hana baraza. Wa chini yake hawezi kuwaambia anaogopa, bodi hataki kuiambia, na mwenzi wake ameshachoka kusikia. Upweke huo ndio unaozaa kukinai.

Wafanyabiashara wameshalitambua hili zamani. Ray Hickok alianzisha YPO, chama cha wakuu wa kampuni walio vijana, huko Rochester, New York, mwaka 1950, akiwa kijana aliyejikuta anaendesha kampuni ya familia, na moyo wa chama hicho leo ni vikundi vidogo vya wanachama wanaokutana mara kwa mara kwa siri. Dar es Salaam ina CEO Roundtable of Tanzania, iliyoanza mwaka 2000, na ni mahali pazuri pa kujuana na watu wa ngazi yako. Lakini kundi dogo la watu sita waliochaguana wenyewe linatosha.

Mayo Clinic walilijaribu na hili. Madaktari 74, vikundi vidogo, saa moja kila wiki mbili kwa miezi tisa, na saa hiyo ililipwa na mwajiri kama kazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kule kuwaona wagonjwa kama vitu kulipungua, hamasa ya kazi ikapanda, na mabadiliko hayo yalikuwepo bado mwaka mmoja baadaye. Yaweke majaribio haya mawili pamoja. Kocha alipunguza uchovu na hakuigusa sana alama ya pili, kundi liliigusa alama ya pili. Vipimo vilikuwa tofauti kidogo na watu ni madaktari, hivyo sitaki kulivuta jambo kupita kiasi, ila linaafikiana na nilichokiona ofisini.

Gharama inaanzia bei ya chakula cha mchana hadi ada kubwa za uanachama. Muda ndio mgumu, kwa sababu kundi linakufa watu wakianza kutuma udhuru. Huna haja ya ridhaa ya mtu yeyote, na huo ni uzuri wake mkubwa.

Siri inataka uangalifu. Msiwe na mshindani wako humo, wala mkopeshaji wako, wala mteja wako mkubwa. Washindani wakikaa chumba kimoja wakagusia bei au zabuni, wanaweza kuwa wamekanyaga sheria za ushindani, ile ya Tanzania ya 2003 na ya Kenya ya 2010, hata kama nia yao ilikuwa kufarijiana. Kanuni moja iandikwe na isomwe kila mara: kilichosemwa hapa hakitoki. Na mwenye kuanza kutafuta biashara ndani ya kundi aambiwe mapema, kwa sababu mkiacha hilo lipite, baada ya miezi mitatu hakuna atakayesema ukweli.

Inamfaa anayelala vizuri, anayefikia malengo, lakini ameanza kuchukia watu aliokuwa akiwapenda. Haimfai aliye katikati ya mgogoro unaoweza kuishia mahakamani, ambaye wakili wake angependa anyamaze.

Njia ya nne: kupanga upya kazi yenyewe

António Horta-Osório alichukua ukurugenzi mtendaji wa Lloyds Banking Group ya Uingereza Machi 2011, wakati serikali ya huko ikiwa bado na takriban asilimia 40 ya benki hiyo baada ya kuiokoa. Novemba mwaka huohuo alisimama kazi kwa ushauri wa madaktari. Alikuwa halali. Hisa za benki zilishuka habari ilipotoka. Alirudi Januari 2012, na hakurudi kwenye kazi ileile: alipunguza idadi ya watu waliokuwa wakiripoti kwake moja kwa moja, akagawa madaraka zaidi. Alibaki kwenye kiti hicho hadi 2021, na baadaye benki ikaanzisha mpango wa afya ya akili kwa viongozi wake wa juu. Mapumziko yalimwinua, ila nadhani muundo mpya ndio uliomweka miaka tisa.

Njia hii inaweza kugusa alama zote tatu, kwa kuwa inakwenda kwenye chanzo. Christina Maslach, aliyetengeneza kipimo cha uchovu huu mwaka 1981, pamoja na Michael Leiter, wanataja maeneo sita ambamo mtu na kazi yake hugombana: mzigo, mamlaka juu ya kazi, malipo na kutambuliwa, mahusiano, haki, na maadili. Likizo haibadilishi hata moja kati ya hayo. Kupanga upya kunabadilisha mawili ya kwanza moja kwa moja.

Nimeona inavyofanyika vizuri, na inaanza na daftari. Kwa wiki mbili, katibu muhtasi anaandika kila kilichokuja kwa bosi na kwa nini kilikuja. Kisha mnagawa mafungu matatu: yanayohitaji bosi huyu na si mwingine, yanayohitaji mkubwa yeyote, na yaliyofika kwake kwa mazoea tu. Fungu la tatu hushangaza kila mtu. Halafu yanafuata maandishi: nani anaidhinisha malipo hadi kiasi gani, nani anasaini mkataba wa aina gani, kikao kipi bosi anapelekewa muhtasari badala ya kuhudhuria. Bila maandishi, madaraka uliyokasimu Jumatatu yatarudi mezani pako Ijumaa. Kwenye kundi la WhatsApp la menejimenti pia kuwe na utaratibu. Jambo la dharura lipigwe simu, na kilichoandikwa usiku kisubiri asubuhi.

Hata kazi zinazojulikana kwa ukatili wa ratiba zimeweza. Mwaka 2009 Leslie Perlow na Jessica Porter walieleza majaribio waliyofanya katika kampuni ya ushauri wa biashara ya Boston Consulting Group, ambapo kila mshauri alipewa usiku mmoja kwa wiki usio na kazi tangu saa kumi na mbili jioni, uliopangwa mapema na timu nzima ikiulinda. Wateja hawakupungukiwa, na washauri waliridhika zaidi na kazi. Lililofanya kazi pale, naamini, ni kwamba usiku huo haukuwa ombi la mtu mmoja mwenye kuchoka. Ulikuwa mpango wa wote.

Gharama yake ni muda na ujasiri. Tarajia miezi mitatu hadi sita, na miezi miwili ya mwanzo utachoka zaidi, kwa sababu unafundisha huku ukifanya. Pengine utahitaji kuajiri. Kwa kampuni za familia kikwazo ni kuaminiana: mwenye mali anaogopa kwamba akiachia sahihi ataibiwa. Hofu hiyo ina msingi kwa wengi, na tiba yake ni sahihi mbili na ukaguzi wa kushtukiza. Kuendelea kusaini kila hundi mpaka miaka sabini si tiba.

Siri hapa ni ndogo. Ofisi nzima inaona, na baadhi wataanza kunong'ona kuhusu mrithi. Ridhaa ya bodi ni lazima, na ipatikane kabla hujatangaza. Lakini kwa kudumu, inazishinda nyingine, kwa kuwa haitegemei nia njema ya mtu siku ambayo amechoka.

Inamfaa mwenye walau wasaidizi wawili wenye uwezo na bado ana nguvu za kulibeba zoezi. Kwa aliyekwisha anguka ni kumtwika jiwe.

Uchague nini, kwa hali yako

Kama umeshindwa kulala kwa wiki tatu na msimu mzito umeisha, anza na likizo, wiki mbili kamili, kaimu akiwa na sahihi. Tumia siku mbili za mwisho kuandika kitu kimoja kitakachobadilika ukirudi, kwa sababu ile wiki ya kwanza ya kurudi ndiyo inayomeza faida yote.

Kama nguvu zipo lakini watu wanakuchukiza, tafuta wenzako watano kabla ya kununua tiketi ya Zanzibar.

Kama una mwaka mmoja tu kwenye kiti na kila "ndiyo" unayosema unaijutia usiku, kocha wa miezi mitano anatosha kukuonyesha tatizo ni wewe au ni kiti. Akikuonyesha ni kiti, mshukuru, uende kwa mwenyekiti wa bodi.

Kama kila mwaka unachukua likizo vizuri na kila Machi umerudi palepale, acha kuongeza siku. Leta daftari. Mwenye kampuni yake asiye na bodi achague mtu mmoja anayemheshimu, mhasibu wa nje au mshirika wa zamani, amwonyeshe mafungu yale matatu na amruhusu amuulize kila baada ya mwezi.

Kama kuna maumivu ya kifua, pombe inayoongezeka, au mawazo ya kutotaka kuishi, hakuna njia kati ya hizi nne iliyo yako kwa sasa. Nenda kwa daktari leo. Hospitali kama Muhimbili ina idara ya afya ya akili, na sheria ya Tanzania inatoa likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili. Zimewekwa kwa ajili ya hili pia.

Na kama hujui uko wapi, weka karatasi kando ya kitanda. Kila usiku kwa wiki mbili, andika herufi moja: N kama leo nguvu ndizo ziliisha, K kama ulikinai, T kama uliona tija yako haipo. Usipime mwezi wa kufunga mahesabu, maana mwezi huo kila mkurugenzi wa fedha ataandika N. Pima mwezi wa kawaida, kisha hesabu herufi iliyojirudia zaidi.